Jini Mwema Aliyeacha Mjeledi: Madhara ya Viumbe wa Ajabu Wanaopendeza

Kila usiku Adili, liwali wa Janibu, huingia chumba walimofungwa manyani wawili, akashika mjeledi, akawapiga mpaka wakalia. Akimaliza huutupa mjeledi, akawakumbatia na kuwalisha kwa mkono wake, na yeye mwenyewe analia. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, aliyachungulia mambo hayo asielewe kitu, na msomaji wa Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, huanza akiwa gizani kama Ikibali. Baadaye ndipo fumbo hufumbuliwa. Manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili, waliomtosa baharini kwa husuda. Aliyewageuza ni Huria, jini wa kike ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Amri ya kuwapiga kila usiku ni yake pia.

Maswali ya darasani kuhusu kitabu hiki yanajulikana. Taja sifa za Adili. Eleza jinsi husuda ilivyowaponza Hasidi na Mwivu. Huria huambulia mstari mmoja: jini mwenye shukrani. Ni kweli ana shukrani. Lakini shukrani gani hiyo inayomkabidhi rafiki mjeledi awapige ndugu zake mwenyewe usiku baada ya usiku? Hasidi na Mwivu walistahili adhabu, sawa. Adili alikosa nini?

Swali hilo ni mlango wa jambo linalorudi katika hadithi za dunia nzima bila kuitwa kwa jina. Hadithi zina mchawi, ambaye hudhuru kwa kukusudia, na ushindi wake ni pale unapoumia. Zina mjanja, mfano Sungura, ambaye hudhuru kwa kutafuta faida yake: anataka asali, na Fisi akipigwa badala yake, hilo ni la Fisi. Kuna na wa tatu. Huyu hana chuki na hatafuti faida. Mara nyingi anakupenda, au anacheza, au anarudisha fadhila. Ana uwezo mkubwa na haiba ya kukufanya usahau kula. Akishaondoka, mtu mmoja nyumbani anabaki na kilio asichojua amshitakie nani. Mchawi hutolewa nje ya mji na mjanja hunaswa siku yake, ila huyu wa tatu husindikizwa kwa vigelegele.

Hadithi ya Adili ina ndugu yake mkubwa katika Alfu Lela Ulela. Baghdad, katika nyumba ya mabibi watatu, mwenye nyumba anawapiga mbwa wawili majike mbele ya wageni, halafu anawakumbatia na kuwafuta machozi. Mbwa ni dada zake. Waliwahi kumtosa baharini. Yeye baadaye aliokoa nyoka aliyekuwa akikimbizwa, nyoka akawa jini, na jini akalipa wema kwa kuwageuza dada wale mbwa, kisha akamtisha: usipowapiga mijeledi 300 kila siku, nitakuja nikufungie chini ya ardhi. Wageni wa usiku ule ni pamoja na Khalifa Harun al-Rashid, aliyejibadilisha mavazi. Anapoujua mkasa wenyewe, anamuuliza bibi kama ana njia ya kumpata jini yule. Bibi anayo. Jini alimwachia nywele zake akimwambia kwamba siku akimhitaji, achome chache tu. Nywele zinaletwa, zinachomwa, jini anatokea, anamsalimu Khalifa, anawarudisha dada wawili katika umbo la watu. Mambo yamekwisha kabla kahawa haijapoa.

Mimi husimama hapo kila ninapoisoma. Nywele zilikuwemo nyumbani siku zote. Jini alikuwa tayari kuja, na alipoombwa hakubishana. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo, maana anasema mwenyewe kwamba angewaua dada wale, ila alichelea kumtia bibi majonzi makubwa. Alidhani amepunguza ukali. Hakurudi kutazama ule upole aliouchagua unakuwaje unapofika saa ya kushika mjeledi, na mkono unaoushika ni wa nani. Bibi naye hakuthubutu kumwita, kwa sababu ukishatishwa na mwenye uwezo wa kukuzika hai, huendi kumsumbua kwa malalamiko. Ilibidi aje mtu mwenye mamlaka yake, asiyekuwa na deni kwa jini, aseme: mwite. Kwa Shaaban Robert pia, ni mfalme Rai aliyeingilia kati ndipo ndugu wakafunguliwa.

Kwa hiyo madhara ya kiumbe wa aina hii hayatokani na alichokitaka. Yanatokana na kwamba yeye haishi ndani ya matokeo yake. Mwandishi aliyeichunguza hali hiyo kwa makini kuliko wengi, kwa maoni yangu, ni Mskoti J. M. Barrie, na kiumbe wake ni Peter Pan.

Wengi wanamjua Peter kwa picha na vikaragosi: mvulana wa nguo za kijani anayeruka angani, asiyekua, anayepigana na haramia Kapteni Hook. Tamthilia yake ilionyeshwa London kwa mara ya kwanza Desemba 1904, na kitabu kikafuata mwaka 1911. Kwenye kitabu ndiko Barrie anakomwaga yote. Peter anaingia kwa dirisha la chumba cha watoto wa nyumba ya Darling, anawafundisha Wendy na wadogo zake wawili kuruka, na kuwachukua kwenda Neverland, kisiwa anakoishi. Safari ni ndefu. Watoto wanashikwa na usingizi angani, na ukisinzia unaanguka. Michael, yule mdogo kabisa, anaporomoka kuelekea baharini, na Peter anaona ni kichekesho. Anamdaka dakika ya mwisho kabisa. Barrie hatuachi tushangilie, anatuambia kwamba kilichomfurahisha Peter kilikuwa umahiri wake mwenyewe, si kuokoa uhai wa mtu. Anaongeza kuwa Peter hupenda mambo mapya, na mchezo unaomvutia sasa hivi unaweza kumchosha ghafla, kwa hiyo siku nyingine ukianguka huenda akakuacha uende.

Si hilo tu. Katika safari hiyohiyo Peter hutangulia mbele kufuata mambo yake, na akirudi mara nyingine hawakumbuki abiria wake. Wendy inabidi amwambie jina lake. Fikiria: uko juu ya bahari, njia huijui, kushuka hujafundishwa, na aliyekuchukua kwenu anakutazama kama mpita njia.

Neverland kuna wavulana waliopotea, jeshi la Peter. Idadi yao hubadilika, anasema Barrie, kwa kadiri wanavyouawa na mambo mengine. Halafu kuna kifungu kifupi ambacho sinema nyingi hukiruka: wavulana wakionekana wanaanza kukua, jambo lililo kinyume cha kanuni, Peter huwapunguza. Barrie hafafanui zaidi. Kuna pia chakula cha kujifanya. Kwa Peter, chakula cha kujifanya na cha kweli ni kimoja, ukimwona anakula hewa unamwona ananenepa. Wenzake hawako hivyo. Wao hukaa na njaa, na anayeshindwa kuigiza shibe hupigwa vidoleni. Hapa Barrie ameonyesha ugonjwa wote kwa sahani moja tupu: mwenye uchawi anashiba kweli, wafuasi wake wanashindia mate, na hana njia ya kulijua hilo kwa sababu tumbo lake halijawahi kumwambia.

Upande wa pili wa bahari yuko mama. Bi Darling amekaa kwenye kiti, dirisha wazi, anangoja watoto. Mumewe, aliyejilaumu kwa kumfunga mbwa mlezi nje usiku ule, amehamia kwenye kibanda cha mbwa na hata kazini hupelekwa akiwa humo, jambo la kuchekesha mpaka ulifikirie mara ya pili. Watoto wanapokaribia kurudi, Peter anawatangulia na kulifunga dirisha ili Wendy adhani mama yake hamtaki tena. Kisha anamchungulia yule mama, anaona machozi machoni pake, anafunga tena moyo, anatazama tena, na mwishowe analifungua dirisha kwa hasira, akisema hawahitaji mama wa kijinga. Ni mara chache sana katika kitabu ambapo gharama inamfikia Peter usoni. Unaona alivyoumbwa: akiiona, hutetereka. Shida ni kwamba huwa haioni.

Na akiiona, huisahau. Baada ya kurudi nyumbani, Wendy anaruhusiwa kwenda kwa Peter kila mwaka wakati wa usafi wa majira ya kuchipua. Mwaka wa kwanza Peter anakuja, na Wendy anataka wazungumze habari za zamani. Kapteni Hook ni nani, anauliza Peter, akieleza kwamba huwasahau akishawaua. Na Tinker Bell, yule kichimbakazi aliyekunywa sumu ili amwokoe? Simkumbuki, wako wengi. Mwaka wa pili haji kabisa. Mwaka wa tatu anatokea, na hana habari kwamba kuna mwaka ameuruka. Wendy alikuwa ameuishi mwaka ule wote, siku moja moja, akitazama dirisha.

Anaporudi tena baada ya muda mrefu, anamkuta Wendy ni mtu mzima mwenye binti. Peter anakaa sakafuni na kulia. Kilio hicho hakidumu. Jane, yule binti, anaamka na kumuuliza kwa nini analia, na punde wanaruka pamoja. Jane naye anakua, na zamu inakwenda kwa Margaret. Barrie anasema hali itaendelea hivyo maadamu watoto ni wachangamfu, hawana hatia, na hawana moyo wa huruma. Maneno hayo matatu ameyaweka kwa pamoja kwa makusudi. Alikuwa na sababu za kujua: mwaka 1867, yeye akiwa na miaka 6, kaka yake David alifariki kwa ajali ya kuteleza kwenye barafu, siku moja kabla ya kutimiza miaka 14, na mama yao alijifariji kwamba yule atabaki mtoto daima. Mvulana asiyekua, katika nyumba ile, alikuwa na kaburi.

Kila familia yetu ina mjomba wa namna hii, bila mabawa. Anashuka kutoka mjini sikukuu, mifuko imejaa pipi, anawarusha watoto juu, anawaahidi baiskeli na kwamba mwakani atawachukua wakasome kwake. Watoto hawalali. Anaondoka Jumatatu, na mama mtu ndiye anayejibu swali la baiskeli kwa miezi sita. Mjomba hakudanganya. Alipokuwa anasema alikuwa anamaanisha kila neno. Ila mjomba atazeeka, atakumbushwa, ipo siku ataona aibu. Kiumbe wa hadithi amenyimwa njia hizo zote. Wagiriki wa kale walilijua hilo. Katika wimbo wao wa kumsifu Aphrodite kuna habari za Eos, mungu wa alfajiri, aliyempenda binadamu Tithonus akamwombea kwa Zeus asife kamwe. Alipewa. Alisahau kuomba na ujana. Mvi za kwanza za Tithonus zilipotokea, Eos alihama kitanda, ingawa aliendelea kumlisha na kumvika. Uzee ulipomzidi hata asiweze kuinua mkono wala mguu, alimlaza chumbani na kufunga milango inayong'aa, na sauti ya mzee inaendelea kububujika humo bila kikomo. Kwa Eos lilikuwa kosa dogo la maneno. Yeye hajui uzee ni nini, angekumbukaje kuuombea kinga?

Mtu atasema: basi hawana hatia, huwezi kumlaumu asiyejua. Utetezi huo una nguvu kwa Eos, na kwa Peter una nusu ya nguvu. Ukifika kwa Shakespeare unavunjika. Katika tamthilia yake ya usiku wa kiangazi, A Midsummer Night's Dream, ya miaka ya 1590, Oberon na Titania, mfalme na malkia wa vichimbakazi, wamegombana juu ya mtoto mmoja kutoka India ambaye kila mmoja anamtaka. Wasomaji hukumbuka sehemu ya kuchekesha, Titania akilazimishwa kumpenda mfumanguo mwenye kichwa cha punda. Wachache hukumbuka hotuba yake ya mwanzo. Anasema kwa sababu ya ugomvi wao upepo umenyonya ukungu wa magonjwa kutoka baharini, mito imefurika, ng'ombe wa jembe amevuta nira bure, mkulima amepoteza jasho lake, nafaka imeoza ikiwa mbichi, zizi limebaki tupu katikati ya shamba lililozama, na kunguru wamenenepa kwa mizoga ya kondoo. Majira yamechanganyika, watu hawajui tena ni masika au ni kipupwe. Kisha anatamka wazi kwamba mabaya yote hayo yamezaliwa na ugomvi wao, wao ndio wazazi wake.

Anajua, basi. Amehesabu mpaka kondoo. Na hoja inaishia hapo, kwa sababu Oberon anajibu kwa kurudi kwenye suala la mtoto. Wanapopatana baadaye hucheza ngoma, na usiku wa mwisho huibariki nyumba ya harusi, ndoa ziwe na heri na watoto wazaliwe bila kasoro. Kuhusu mkulima na nafaka yake hakuna atakayesema tena. Hakuwahi hata kupanda jukwaani. Watazamaji wa kwanza wa mchezo ule walikuwa watu wa Uingereza iliyopitia misimu ya mvua mbaya na mavuno mabovu katikati ya miaka hiyo, na bei ya mkate waliijua. Huenda wao waliisikia hotuba ile kwa masikio tofauti na yetu.

Katika mchezo huohuo yuko Demetrius, kijana anayependwa na Helena naye hamtaki. Puck, mtumishi wa Oberon, alimpaka maji ya ua la mapenzi mtu asiyemhusu, mambo yakavurugika, na kwake ilikuwa burudani nzuri. Baadaye makosa yanasahihishwa na Lysander, yule aliyepakwa kimakosa, anaondolewa dawa machoni. Demetrius, aliyepakwa baada yake, haondolewi. Anamuoa Helena akiwa bado chini ya dawa, na pazia linafungwa. Helena amempata aliyemtaka. Kama Demetrius naye amepata alichokitaka, hakuna wa kumuuliza, kwa sababu Demetrius mwenyewe, yule wa kabla ya ua, hayupo.

Ninachokiona katika mifano hii yote ni kazi ya haiba. Waandishi hawampambi kiumbe wa ajabu kwa sababu ya urembo tu. Haiba inaamua msomaji atazame wapi. Peter akiwika kama jogoo, tunamtazama yeye, na kiti cha Bi Darling kinabaki pembeni. Huria akilipa fadhila, tunastaajabia shukrani ya jini. Mwandishi hodari huweka gharama waziwazi kabisa, katika sentensi moja fupi au kwenye hotuba isiyo na kichekesho, halafu humwachia msomaji arogwe aipite. Mwandishi mvivu haiweki kabisa, na huyo ndiye ninayemlaumu. Kitabu ambamo mgeni wa miujiza anageuza maisha ya watoto wiki nzima kisha kinamalizika kwa kicheko, bila hata mstari mmoja wa asubuhi iliyofuata, kimefanya kosa lilelile la kiumbe wake. Kuna na sababu ya kiufundi ambayo haisemwi sana: rafiki mwenye uwezo wote na uangalifu wote angemaliza hadithi ukurasa wa pili. Uzembe wake ndio unaoacha nafasi ya kisa. Mwandishi anahitaji madhara, na kumfanya kiumbe awe mwovu hataki.

Kwenye Alfu Lela Ulela kuna kisa kinachougeuza upande mchezo huu wote, na kipo mwanzoni kabisa. Mfanyabiashara amepumzika chini ya mti, anakula tende na kutupa kokwa huku na huku. Mara linatokea jini kubwa, upanga mkononi, likimwambia ajiandae kufa, maana amemuua mwanawe. Kokwa moja ilimpiga kifuani mtoto wa jini aliyekuwa akipita, asiyeonekana, akafa palepale. Hapa mzembe ni binadamu. Hakuwa na nia mbaya na hakufaidika. Alikuwa ameshiba na kuridhika, akafanya jambo dogo bila kufikiri nani yuko upande wa pili. Katika nyumba nyingi za Waswahili mtu hawezi kumwaga maji ya moto uani usiku bila kusema bismillahi kwanza, wasije wakaungua wasioonekana. Adabu hiyo ndiyo iliyomponyoka yule bwana na tende zake.

Anaokolewa na wazee watatu wanaopita njia, mmoja na paa wake, wa pili na mbwa wawili weusi, wa tatu na nyumbu. Kila mmoja anasimulia mkasa wake, na kila mkasa ukimfurahisha jini, theluthi moja ya damu ya mfanyabiashara inasamehewa. Mbwa wa mzee wa pili, kama unavyoweza kukisia, ni ndugu zake waliomtosa baharini, waliogeuzwa hivyo na ndugu wa mkewe jini kwa muda wa miaka 10. Hadithi tatu, theluthi tatu, mtu anakwenda zake nyumbani. Msomaji amefurahi, jini amefurahi. Mtoto aliyeuawa kwa kokwa ya tende hakupewa jina alipotajwa, na baada ya mzee wa kwanza kuanza kusimulia habari za paa wake, hazungumziwi tena.